Uzi: Nina laki mbili na nusu, nipo Mtwara, nataka kadi ya grafiki ya HP 8300. Nisaidieni kabla sijaliwa

Korosho_Mbichi
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Mashine yangu ni HP Compaq Elite 8300, i5-3470, RAM 4GB, hadidiski ya 500GB. Niliichukua mtumba kwa mtu aliyekuwa anafunga ofisi yake, na ndani nikakuta kadi ya GT 610 ya 1GB. Gemu ya PES 2017 inakwenda ukishusha kila kitu chini. GTA V ni mateso: gari inapiga kona, picha inafuata baadaye.

Mzee ameuza korosho mnada wa pili, akanikatia changu cha kupulizia dawa. Nimebaki na 250,000 ambayo haina kazi. Msiniambie ninunue mbuzi, mama ameshasema.

Nimepata mbili:
Duka moja hapa mjini wana GT 730 ya 4GB, mpya ya boksi, 150,000.
Jamaa yupo Dar ana RX 580 ya 8GB, mtumba, 220,000, anaipakia kwenye basi nikishatuma hela.

Moyo wangu uko kwenye RX 580. 8GB jamani! Nitume?

Ngoja_Waje
Ngoja waje. Nimekaa pale na kahawa na kashata.

Mtani_wa_Lindi
Chukua 580 fasta. Mimi nipo Wailes hapa Lindi, ninayo mwaka wa pili, GTA V naicheza kama naangalia sinema. Hiyo 730 wape wanaochapa barua.

FundiWaChuno
Usitume hata senti, kijana.

Kabla ya kadi, tuambie kwanza hilo boksi lenyewe. 8300 zilitoka kwa maumbo tofauti. Ipo ndefu ya kusimama, na ipo nyembamba ambayo wengi wanailaza chini ya monita. Chukua rula upime unene. Halafu fungua mfuniko usome stika ya pawa saplai, palipoandikwa W. Ukishaleta hizo namba mbili ndiyo tuanze kuongea.

Korosho_Mbichi
Nimepima kwa rula ya mdogo wangu wa darasa la sita. Unene sentimita 10. Stika inasema 240W.

FundiWaChuno
Basi RX 580 imeshakufa hapo. Nikueleze kwa nini, maana wengine watapita hapa na swali hilohilo.

Mosi, haiingii. Boksi la sentimita 10 linapokea kadi fupi tu, zile za lo-profaili, zenye kimo nusu ya kadi ya kawaida. 580 ina feni mbili na kimo kizima. Utakaa na mfuniko wazi, panya wa Chikongola waje kuota moto.

Pili, umeme. RX 580 yenyewe imepangiwa 185W. Hiyo prosesa yako, i5-3470, ni 77W. Hapo tumeshavuka 260 na bado hatujagusa mazabodi, diski na feni. Wewe una 240 kwa kila kitu.

Tatu, 580 inataka waya wake wa pini 8 kutoka kwenye pawa saplai. Ya kwako haina hata wa pini 6. Na usifikirie kubadilisha pawa saplai, umbo la hiyo ni la HP wenyewe, ile ya ATX ya kawaida haikai humo.

Sloti ya PCIe yenyewe, pale kadi inapochomekwa, inatoa hadi 75W. Kwa hiyo kadi yako ni ile inayokula 75W kushuka chini, isiyo na tundu la waya, na iwe fupi. Boksi limeshakuchagulia, wewe umebaki kuchagua kati ya zilizobaki.

Korosho_Mbichi
Fundi, si kuna zile adapta za kutoa umeme kwenye waya wa SATA wa diski kwenda pini 8? Nimeziona mtandaoni, bei ya soda mbili.

FundiWaChuno
Zipo. Plagi ya SATA kwenye upande wa volti 12 imepangiwa ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 8 kadi ina haki ya kuvuta hadi 150. Harufu utaisikia kabla ya moshi. Mwezi uliopita nimeletewa mashine kutoka Magomeni plagi imeyeyuka ikashikana na diski, nikaitoa kwa koleo. Picha za familia za miaka saba zilikuwa mle.

Mtani_wa_Lindi
Haya, kwenye boksi nyembamba narudi nyuma. Yangu ni mnara wenye pawa saplai ya 500W, sikuwaza.

Na niseme ukweli wote maana huu uzi utasomwa. Hiyo 580 yangu ilikuwa kwenye mgodi wa Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni. Uchimbaji ule ulikufa Septemba 2022, kadi zikamwagika sokoni kama dagaa wa msimu. Niliponunua ilikuwa inapiga nyuzi joto 90 na kupiga kelele kama mashine ya kusaga. Nikaifungua, pesti ya kupitisha joto imekauka kama chokaa. Nimeipaka upya ndiyo ikatulia. Halafu siku moja nasoma kwa programu ya GPU-Z, naona vitengo vya kuchakata 2048 badala ya 2304. Kumbe ni ile 580 ya 2048SP, ndani ni RX 570 iliyovaa koti la kaka yake. Muuzaji nilipompigia akasema "lakini si inacheza?" Inacheza, ndiyo. Ila bei nililipa ya kaka.

Ngoja_Waje
Koti la kaka yake 😂😂 nimemwaga kahawa

Korosho_Mbichi
Sawa, 580 nimeisamehe. Sasa GT 730 si ni fupi? Na haitaki waya. Na ina 4GB, mpya, hapahapa mjini, ikizingua narudisha kwa miguu.

Mwalimu_Fizikia
Kijana, hapo kwenye "4GB" ndipo wanapopatia watu.

Fikiria ghala la korosho. Ghala kubwa, linameza tani kwa tani, lakini mlango wake ni wa kupita mtu mmoja na gunia moja. Malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Utasema ghala hili linafanya kazi? Nafasi ipo, ila hakuna kinachoingia wala kutoka kwa wakati.

GT 730 yenye memori ya DDR3 na njia ya biti 64 inapitisha takriban gigabaiti 14.4 kwa sekunde. GTX 1050 Ti, ambayo nayo ipo fupi isiyotaka waya, inapitisha 112. Hapo ndipo gari lako linapopiga kona picha ikachelewa. Hata ukiwekewa 4GB, hiyo 730 haina nguvu ya kuzitumia.

Halafu jina GT 730 limebeba kadi zaidi ya moja. Ipo yenye koa 96, yaani vile vitengo vya kuchakata, za kizazi cha Fermi, ipo yenye koa 384 za Kepler na DDR3, ipo yenye koa hizohizo 384 na GDDR5 ambayo angalau inafika gigabaiti 40. Boksi kwa nje ni lilelile. Kadi ilitoka 2014, na draiva za gemu, yaani programu za kuiendesha kadi, kwa Kepler zilikoma 2021. "Mpya ya boksi" maana yake ni kwamba imezeeka ndani ya boksi.

GT 1030 nayo ina mchezo huohuo. Ya GDDR5 ni 48, ya DDR4 ni 16.8, na jina ni moja. Ukiona muuzaji anataja GB tu bila kutaja aina ya memori, muulize. Akibabaika, ondoka.

Korosho_Mbichi
Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye mlango wa ghala nimeelewa kuliko miaka yangu minne ya sekondari.

Mwalimu_Fizikia
Marahaba. Ulikuwa unakaa dirishani wewe.

ShanganiBreeze
Mimi najiuliza, kwa nini asiuze hiyo mashine yote anunue PS4 ya mtumba?

FundiWaChuno
Kwa sababu hajauliza hilo.

Dada_wa_Mikindani
Salama jamani. Nina stationari, nachapa kadi za harusi na mabango, na mashine zangu mbili ni hizihizi 8300 nyembamba. Kuna mlango ambao vijana wa gemu hamuufungui: kadi za ofisini, zile Quadro.

Quadro P1000 ni fupi, inakaa sloti moja tu, haitaki waya, inakula wati 47. Ndani ina koa 640 na 4GB za GDDR5. Ni ndugu wa damu wa GTX 1050. Kwa kuwa imeandikwa Quadro, watu wa gemu wanaipita, na bei yake mara nyingi inakaa chini. Mimi ya kwangu nilipata kwa 140,000 ikiwa imetoka kwenye mashine ya wachora ramani. Mchana inachapa mialiko, usiku mwanangu wa kiume anaendesha GTA V humohumo na hanisumbui.

Ipo T1000 pia, ya kizazi cha Turing, koa 896 kama za GTX 1650, wati 50. Hiyo ni tamu zaidi, ila kwa 250,000 sijaiona.

Sasa kero yake: hazina HDMI wala VGA. Zina matundu ya mini DisplayPort tu. Adapta unanunua mwenyewe, na ukipata ile mbovu picha inakatikakatika. @Korosho_Mbichi monita yako ina tundu gani?

Korosho_Mbichi
Dada, monita ni Dell ya inchi 19, ya mraba. VGA, na kuna ile nyeupe pana.

Dada_wa_Mikindani
Nyeupe pana ni DVI, sawa, hapo una ahueni. Basi usikubali kukabidhiwa kile kichwa kidogo cha kugeuza DVI kuwa VGA. Kadi za 1050 Ti zina DVI-D, zimeondoa kabisa njia ya VGA. Kile kichwa kina vipini vinne vinavyozunguka ule wembe, na kwenye tundu la kadi havina pa kuingia. Nimeona mtu anavilazimisha mpaka vimelala kama mpunga baada ya mvua. Tumia waya wa DVI kwa DVI. Kama kadi ina HDMI tu, waya wa HDMI kwenda DVI unatosha.

Ngoja_Waje
Dada ana stationari au chuo?

Dada_wa_Mikindani
Stationari. Kuchapa kurasa moja shilingi mia mbili, karibu.

Mtani_wa_Lindi
Mimi nasema aongeze kidogo apate GTX 1650 fupi. 1050 Ti ni ya 2016, Nvidia wameshaitupa. Oktoba 2025 wametoa draiva ya mwisho ya gemu kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani 750 Ti, 960, 1050 Ti, 1060, zote. 1650 ni Turing, inaendelea kupata. Kwa nini ununue kitu ambacho kimeshasomewa hitima?

FundiWaChuno
Mtani, umesema kweli nusu. Draiva za gemu zimekoma, lakini za usalama zinaendelea kila robo mwaka mpaka Oktoba 2028. Na yeye anacheza nini? PES 2017 na GTA V ya 2015. Draiva iliyopo leo inazijua hizo gemu kwa majina ya baba na babu. Hakuna kitakachovunjika Jumatatu.

Na tuangalie mashine nzima. Windows 10 yenyewe msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiitaki prosesa ya kizazi cha tatu kama yake, kwa Intel wanaanzia cha nane. Prosesa yake haina AVX2, seti ya maagizo ya prosesa iliyoanza na kizazi cha nne, Haswell, mwaka 2013, na baadhi ya gemu mpya zinagoma kufunguka bila hiyo. Kwa hiyo hata akiweka 1650, gemu zitakazohitaji draiva mpya zitakwama kwenye prosesa kabla hazijafika kwenye kadi.

Akipata 1650 fupi ndani ya bajeti aichukue, mimi sina ugomvi. Nimeitafuta Kariakoo mara mbili kwa wateja, ile fupi ni adimu, na inapopatikana wanajua kuwa ni adimu.

Mtani_wa_Lindi
Ila siku atakapobadilisha mashine, 1650 anahama nayo.

FundiWaChuno
Hapo sina jibu. Ni kweli.

Mwalimu_Fizikia
Kabla ya kusahau: GTA V iliyotoka 2015 kwenye kompyuta, watengenezaji walipoandika mashine wanayoipendekeza, waliandika i5-3470, RAM 8GB na GTX 660 ya 2GB. Ni prosesa yako hiyohiyo, kijana. Kinachokuangusha ni kadi, na RAM yako ya 4GB. Ongeza kijiti kingine cha 4GB cha DDR3 kabla ya chochote, vikae viwili, njia mbili zifanye kazi pamoja.

Na uchukue GTA V ya zamani, wanayoiita Legacy. Ile ya Machi 2025, Enhanced, inataka prosesa yenye nguvu kuliko yako.

BodaNyuki
Vipi RX 6400? Nimeona ni fupi, sloti moja, wati 53, haitaki waya, ya 2022. Mpya kabisa.

Mwalimu_Fizikia
Swali zuri. Ina mtego mmoja: imeunganishwa kwa njia 4 tu za PCIe, wakati 1050 Ti ina 16. Ikichomekwa kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 njia nne zinatosha. Prosesa ya kizazi cha tatu ni PCIe 3.0, ya kizazi cha pili kama i5-2400 ni 2.0, na kila ukishuka hatua njia inapungua nusu. Memori yake ni 4GB, ikijaa inaanza kuomba msaada RAM kupitia kamlango kale. Na hairekodi video kwa maunzi yake, hiyo sehemu waliiondoa. Kwa mashine ya kisasa yenye boksi dogo ni kadi nzuri. Hapa, mm-mm.

Intel Arc msiitaje kabisa. Inataka Resizable BAR, ile ya prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na mazabodi hizi za 2012 hazikuja nayo.

Korosho_Mbichi
Nimesoma yote mara mbili, ya pili kwa sauti. Naenda na 1050 Ti fupi, ikikosekana P1000. Kuna binamu yangu yupo Dar anaishi Mbagala, atanisaidia kwenda dukani. Yeye ni dereva, hajui chochote kuhusu kompyuta. Nimwambieje?

FundiWaChuno
Mwambie haya, na uyaandike kwenye ujumbe mmoja asome pale pale kaunta.

Aangalie nyuma ya kadi. 1050 Ti halali huwa na HDMI, DisplayPort na DVI. Akiona tundu la VGA la bluu, ashituke. Kuna kadi za kale za GTS 450 na GTX 550 Ti zimeandikwa upya ndani zijiite 1050 Ti. Windows inaamini, inaonyesha jina zuri, draiva inakubali, gemu ikifunguka inaanguka.

Waichomeke mbele yake, wafungue GPU-Z. Iandike chipu GP107, koa 768, GDDR5, biti 128. Kadi ikiwa ya kughushi, hiyo programu inatanguliza neno FAKE kwenye jina, wameiwekea hiyo tangu 2018. Apige picha ya skrini akutumie wewe, usome wewe.

Halafu waendeshe FurMark, programu ya kuitesa kadi, dakika 15. Asikilize feni, aangalie nyuzi joto, na aangalie kama kuna vidoti au mistari ya rangi. Muuzaji akisema "umeme hakuna" arudi kesho. Akisema "hatujaribishi", asirudi.

Hela ilipwe baada ya hapo.

Dada_wa_Mikindani
Ongeza: aulize kibati kifupi cha nyuma, kile kinachoishika kadi kwenye boksi. Kadi fupi huja na vibati viwili, kirefu na kifupi. Wauzaji wa mitumba wanapoteza kile kifupi kila siku.

ShanganiBreeze
Na kwenye basi isiwekwe buti la chini na ndoo za samaki. Ikae na kondakta. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, mzigo wangu ulilala njiani sijui siku ngapi, ulipofika boksi lilikuwa laini kama chapati.

Ngoja_Waje
Uzi umenoga. Tunasubiri mrejesho na picha, uzi bila picha ni porojo.

Ngoja_Waje
Wiki ya tatu hii. Mleta uzi kaliwa?

Korosho_Mbichi
Sijaliwa wakuu, nilikuwa shamba. Mrejesho huu hapa, mrefu, mvumilie.

Binamu alizunguka maduka manne. La kwanza walimpa kadi yenye VGA ya bluu, akaniambia "ile uliyosema nishituke ipo hapa", nikamwambia toka. La pili wakagoma kuchomeka. La tatu hawana fupi. La nne wakamfungulia kila kitu. GPU-Z ikasoma GP107, 768, GDDR5, 128. FurMark dakika 15 ikasimama nyuzi 71. Bei walianza 220,000, binamu ni mtu wa Mbagala, akatoka nayo kwa 185,000. Nauli ya mzigo 7,000, ilikaa na kondakta, asante @ShanganiBreeze.

Sasa kisanga. Nafungua boksi sebuleni, kadi nzuri, inang'aa. Kibati ni kirefu. Kifupi hakipo. Napiga simu dukani, wanasema "hicho huwa hatuna". Dada alisema! Niliandika kila kitu kwenye ujumbe nikasahau hilo tu.

Nikajaribu kuichomeka bila kibati. Inakaa, lakini ukisukuma waya wa monita kadi yote inacheza kama jino bovu. Nikampigia @FundiWaChuno.

FundiWaChuno
Alinipigia saa tatu usiku akinong'ona, nikadhani kuna msiba.

Korosho_Mbichi
Mama alikuwa amelala. Fundi akaniambia nikitoe kibati kwanza kwenye kadi, skrubu zake zote, kadi irudi kwenye mfuko wake, kibati kiende peke yake. Akasema chenga za chuma zikidondokea kwenye kadi ni bora ningenunua mbuzi.

Asubuhi nikaenda kwa fundi grili jirani. Nikampa kibati cha GT 610 ya zamani kama kipimo, maana kile ni kifupi. Akapiga mstari kwa chaki, akakata kwa msumeno wa chuma, akakunja ncha kwenye jiliwa, akapiga tupa. Dakika ishirini. Nikamuuliza bei, akauliza "hiki ni cha nini?" Nikamwambia cha kompyuta. Akasema elfu tatu. Ningemwambia cha dirisha ingekuwa mia tano.

Kimeingia vizuri. Kadi ni ya sloti mbili, imefunika ile sloti fupi ya jirani, sikuwa naitumia. Kabla ya kuchomeka nilisafisha meno ya dhahabu kwa ufutio mlaini na spiriti, na nikasasisha BIOS, programu ya kuwashia mashine, kwanza kwa ushauri wa fundi. DVI kwa DVI, picha ikaja mara ya kwanza.

RAM nimeongeza 4GB kwa 18,000. Jumla, na kibati, 213,000.

GTA V kwenye monita yangu ya mraba ya 1280 kwa 1024, setingi nyingi juu, nyasi nimeshusha: kati ya fremu 55 na 70 kwa sekunde. Mjini kwenye magari mengi inashuka mpaka 45, prosesa inakuwa imefika mia kwa mia wakati kadi inapumua. PES 2017 sina cha kusema, 60 haitikisiki, mpaka majani ya uwanja yanaonekana. Mdogo wangu anadai ananifunga kwa sababu sasa anauona mpira.

Mwalimu_Fizikia
Kadi inapumua, prosesa inahema. Hapo umefika mwisho wa hiyo mashine. Ukitaka zaidi, i7-3770 inakaa kwenye soketi hiyohiyo na ni 77W zilezile, ina nyuzi 8 za kuchakata kazi kwa pamoja. Usikurupuke, subiri ishuke bei.

FundiWaChuno
Na jioni umeme unaposhuka, usicheze bila stabilaiza. Hiyo pawa saplai sasa inafanya kazi kweli, haina akiba kubwa kama zamani. Kila miezi mitatu puliza vumbi, Chikongola kwenu barabara ni ya mchanga.

Mtani_wa_Lindi
Hongera mtani. Bado nasema 1650.

Korosho_Mbichi
Nimekusikia mtani 😂. Nimebaki na 37,000 na GT 610 isiyo na kibati, kile cha kipimo kilibaki kwa fundi grili. Nani anaihitaji? Bure, aje aichukue mwenyewe.

Dada_wa_Mikindani
Nipe mimi. Nina CPU moja ya kaunta haionyeshi kitu. Kibati nitamwona fundi grili wako.

Korosho_Mbichi
Mwambie ni cha dirisha.